Anayemdai marehemu ajitokeze: barua kwa vijana wanaogombana kwa sababu ya Magufuli

Vijana wangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, ila leo marahaba inanitoka kwa shida.

Machi mwaka huu tulikuwa tangani kwa jirani, siku ya pili. Mikeka chini ya mwembe, kahawa inazunguka, mjane yuko ndani na wanawake wenzake. Ilikuwa tarehe 17, kwa hiyo redio ya dukani ilikuwa inamkumbuka Hayati Rais Magufuli, aliyefariki siku kama hiyo mwaka 2021. Kijana mmoja akasema, "Lile jembe hatulipati tena." Mwenzake akaguna kwa puani, akasema yeye siku ile alinunua soda akanywa kwa furaha. Mara wameshikana mashati, birika la kahawa limepinduka mkekani. Mjane akachungulia dirishani kuona ni nani wanaopigana kwenye msiba wa mumewe. Nina miaka 72, sijaona aibu kama ile.

Nasema na hao wawili, na nyinyi mliokuwa mnarekodi kwa simu badala ya kuamulia.

Hivi mkienda kuzika huwa mnasikiliza? Kabla watu hawajatawanyika, ndugu wa marehemu husimama akasema: anayemdai marehemu ajitokeze, awaone wenye msiba. Tulipomzika binamu yangu, mwanawe alisema maneno hayo. Kimya kikapita, kisha akasogea muuza mkaa. Mikono ilikuwa bado ina udongo, maana alikuwa miongoni mwa waliofukia kaburi. Akatoa kidaftari mfuko wa shati, kimekunjwa, pembe zake nyeusi kwa vumbi la mkaa. Magunia mawili. Hakupaza sauti. Mtoto akasoma hesabu, akaitambua saini ya baba yake, wakaelewana alipwe jioni. Sikumsikia mtu akisema muuza mkaa amemvunjia marehemu heshima. Na jioni alipokwisha kulipwa hakuondoka; alikaa mkekani nasi, machozi yanamtoka. Alikuwa anamlia mtu aliyekuwa anamdai mchana ule ule.

Oktoba 1999, alipofariki Mwalimu Nyerere, nilisimama barabarani na mzee mmoja aliyehamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipopelekwa kwenye vijiji vya ujamaa, akaiacha mikorosho yake. Alilia mpaka akaivua kofia akajifutia. Njiani tukirudi akaniambia, "Lakini mikorosho yangu ndiyo imekwenda hivyo." Akaendelea kutembea.

Nyinyi mmekosea wapi? Mmoja anadhani akilia, daftari limefutwa. Mwingine anadhani kwa kuwa ana daftari, kila anayelia ni mjinga au kalipwa.

Usiku ule wa tarehe 17 Machi 2021, Mama Samia, akiwa bado Makamu wa Rais, alipotokea kwenye televisheni kututangazia kifo cha Magufuli, nami nilikuwa macho. Siku zilizofuata Dar es Salaam wanawake walitandaza khanga barabarani lipite gari la jeneza. Tarehe 21 watu 45 walikufa kwa kukanyagana Uwanja wa Uhuru, wamekwenda kumuaga. Ukiniambia hao walinunuliwa, nitajua hujawahi kuwa maskini. Yupo mzazi ambaye kuanzia 2016 mtoto wake aliingia sekondari bila kurudishwa nyumbani kufuata ada. Yupo mama aliyesumbuliwa ofisini miaka nenda rudi, kisha akamwona mkubwa anatumbuliwa mchana kweupe. Machozi yake ni ya kweli.

Sasa na wewe wa jembe. Ipo familia ya Azory Gwanda, mwandishi aliyetoweka Kibiti Novemba 2017. Yupo Tundu Lissu, wakati huo mbunge wa upinzani, aliyemiminiwa risasi Dodoma Septemba ya mwaka huo huo, na hao wapigaji hatukuwaona mahakamani. Wapo wasichana waliozuiwa kurudi shule kwa sababu ya mimba, hadi katazo lilipoondolewa Novemba 2021. Zipo nyumba za Kimara hadi Kiluvya zilizopigwa X nyekundu zikavunjwa ili Barabara ya Morogoro ipanuliwe. Barabara ni nzuri, naipita kila wiki na kuifurahia, na kila nikipita nakumbuka palikuwa na kuta. Wapo pia waliozika Februari 2021, matangazo ya misiba yamejaa "changamoto ya upumuaji", ilhali takwimu za corona zilikoma mwaka uliotangulia kwenye wagonjwa 509. Mtu amemzika baba yake bila hata kuruhusiwa kuutaja ugonjwa, halafu wewe unamsimamia akuoneshe machozi?

Ila lawama si yenu peke yenu. Muuza mkaa alikuwa na wa kumpelekea daftari lake. Hawa wangempelekea nani? Matangazo ya moja kwa moja ya Bunge yaliondolewa 2016. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa mwaka huo huo, tukakaa hivyo hadi Januari 2023. Mdomo uliofungwa miaka yote hiyo ukifunguka ghafla hautoi maneno ya adabu. Simtetei mnywa soda; kushangilia kifo ni jambo baya, na watoto wa marehemu nao wana simu. Ninachosema ni kwamba ubaya ule tuliupika sisi wazee kwa kunyamaza, mimi nikiwemo.

Wanaoniudhi kuliko wote, hata kuliko nyinyi, ni machawa, wale wapambe wa kusifu wakubwa. Walimwita mteule, wakataka Katiba ibadilishwe apite mihula miwili. Udongo wa kaburi lake kule Chato haujakauka, wakaanza kusimulia walivyokuwa wanaumia moyoni. Walikuwa wanaumia wapi, jukwaani na kipaza sauti? Hao ndio waliosimama kati ya mwenye daftari na mwenye deni, miaka yote wakimwambia mzee, "Hudaiwi na mtu." Sasa aanze kulipa lini mtu anayeambiwa hivyo kila asubuhi? Na msidhani wamestaafu. Wamehamia kwa mwingine, nyimbo ni zile zile, jina tu limebadilishwa.

Mengine kwa ufupi. Usimtukanie mtu kabila lake kwa sababu alilia au hakulia. Picha za maiti msizisambaze. Neno utakalosema juu ya marehemu liwe lile unaloweza kulisema mwanawe akiwa amekaa mbele yako. Tanga la mtu si mkutano wa chama.

Nyinyi wawili mnajijua. Yule mama hajaombwa radhi mpaka leo, na mkeka wake una doa la kahawa ambalo halitoki. Nimemwambia mtafika kabla ya arobaini. Mwende pamoja.

Ni mimi babu yenu,
Mbezi