Mdogo wangu, hicho kidonda hujatupiwa na mtu

Mdogo wangu, simu zangu hupokei toka siku ile tubishane, kwa hiyo naandika hapa hapa wazi, najua utasoma tu maana wewe kwa kuchungulia hujambo.

Ile picha ya shingo yako nimeivuta mpaka macho yakauma. Umelala mzima, umeamka mzima, kesho yake ndo shingo inawaka moto, ngozi imejichora mstari mwekundu kama umechapwa fimbo, na malengelenge madogo ya maji juu yake. Mama mkwe wako ndo kwanza katoka kukaa kwako siku mbili, basi, umetupiwa. Jirani akasema umekojolewa na buibui. Yule wa duka la dawa akasema mkanda wa jeshi, hapo ndo ukalia usiku kucha, maana mtaani ukitajiwa mkanda wa jeshi watu washakupima ukimwi kwa macho.

Mimi mwaka juzi kilinitokea hicho hicho mkononi, pale kiwiko kinapokunjia kwa ndani. Kimoja juu ya mkunjo, kingine chini, saizi ile ile, nikikunja mkono vinalaliana kama mhuri na karatasi yake. Daktari hata hakunishika, kaniuliza tu, kwenu taa mnazima saa ngapi?

Nairobi flai huyo. Jina linadanganya, si nzi, ni jamii ya mbawakawa, mwembamba kama sisimizi aliyevutwa, kichwa cheusi, kifua rangi ya chungwa, mgongoni bluu ya kung'aa, mkiani cheusi tena. Hang'ati wala hadungi. Sumu yake, pederini, iko mwilini humo humo, sasa wewe usingizini unasikia kitu kinatembea shingoni, unapiga kofi, unasugua, umeshajipaka mwenyewe. Na sumu haiumi saa hiyo, ngozi inakuja kuwaka baada ya siku moja au mbili, ndo maana hakuna anayemkumbuka mdudu. Mvua zikinyesha wanazaliana hasa, Kenya mwaka 1998 baada ya El Niño walikuwa balaa. Wewe una majaruba ya mpunga nyuma ya nyumba na ile tyubulaiti nyeupe varandani inawaka mpaka alfajiri, inawavuta, ulitegemea nini? (Shambani ni rafiki, anakula wadudu wengine.)

Mkanda wa jeshi mara nyingi maumivu yanatangulia siku kadhaa kabla ya vipele, na unakaa upande mmoja wa mwili. Wako umekatiza koo mpaka upande wa pili, umeuona?

Hiyo dawa ya meno uliyopaka itoe, osha kwa maji na sabuni, usitumbue, na mkono uliogusa hapo usifikishe machoni, jicho litavimba ulie tena. Kwa kawaida wiki mbili tatu kinakauka, kinaacha baka jeusi kwa muda. Kikitoa usaha, ukapata homa au kikagoma kufunga, nenda hospitali, sio kwa yule baba wa maombi. Siku nyingine ukimwona anatembea mwilini mpulize, usimpige.

Na foronya ya maua aliyokuletea mama mkwe ifue tu, usiichome moto kama ulivyoshauriwa. Nimempigia mama wa watu jana, hajui lolote, anauliza tu ndizi alizokutumia kwa basi la Jumamosi kama zilifika.