Fungu la kumi la pesa isiyo yako

Köln, mwezi wa kumi na moja, 2025

Yaya, mkubwa wangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa Papa na Mama na watoto wote wa hapo Kadutu, Bukavu. Mimi mzima, baridi tu ndiyo imeanza kuuma. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwenye tramu, nikaurudia nyumbani, nikaona mambo uliyosema yanataka barua, si maneno ya harakaharaka ya WhatsApp.

Umeuliza kama huku bado natoa fungu la kumi. Natoa. Ila Ujerumani wana desturi ambayo ukimsimulia mchungaji wetu atadhani natania: ukijiandikisha kuwa Mkatoliki au Mprotestanti, kodi ya kanisa inakatwa kwenye mshahara kabla hujauona. Hapa Köln ni asilimia 9, si ya mshahara bali ya kodi ya mapato yenyewe. Aliyekatwa kodi ya euro 200, anakatwa na 18 za kanisa. Ukitaka isikatwe, unakwenda kutangaza kwamba umetoka kanisani. Unatangazia mahakamani, Yaya! Wakongomani wengine huku wanasema hiyo inatosha, zaka imekwisha lipwa. Mimi sikubali. Sinung'uniki, maana ukumbi tunaoabudia kwa Kiswahili Jumapili mchana ni wa kanisa lao. Lakini hakuna aliyeuliza moyo wangu, na Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Fungu langu nalihesabu mwenyewe.

Sasa lile lililonikalisha kuandika. Ulisema katika zile dola 300 nilizokutumia mwezi uliopita ulitoa kwanza 30 ukapeleka kanisani, ndipo minervale, yaani ada ya shule, ya kijana wako ikapunguka, naye akafukuzwa darasani. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, sekondari siyo, na mkuu wa shule hafungui Malaki, kitabu cha Biblia kinachodai zaka, anapoita majina ya wasiolipa.

Wewe ni mkubwa wangu, ulinifundisha kusali kabla sijajua kuandika, kwa hiyo sikukaripii. Nasema tu kwamba ile pesa haikuwa yako. Ilikuwa ya shule na ya dawa za presha za Papa, ikapita mkononi mwako. Kinachotakiwa kwa wakili, yaani msimamizi wa mali ya mwingine, ni aonekane mwaminifu, na wakili hapunguzi alichokabidhiwa, hata kama anakipeleka madhabahuni. Soma Marko 7, pale Yesu anapowakemea waliowanyima wazazi wao msaada wakisema ni Korbani, kimekwisha wekwa wakfu kwa Mungu. Nikifikiria vidonge vya Papa, sura hiyo inanikaa kooni.

Utanijibu kwa Walawi, wale watumishi wa ibada wa Israeli, nakujua. Walipokea zaka na bado wakatoa zaka ya zaka, iko Hesabu 18. Kweli kabisa. Lakini walichopokea kilikuwa riziki yao. Nikikutumia zawadi ya Noeli, hiyo ni yako: toa kumi yake ukiimba.

Na biashara yako ya sambaza, wale samaki wadogo, ni vilevile. Tuseme ndoo umeinunua dola 40, ukaiuza 50. Cha kuhesabia ni ile 10, tena baada ya kuondoa usafiri na ushuru wa soko. Ukitoa 5 kwa sababu umeshika 50, kapitali, yaani mtaji, inaliwa ndoo kwa ndoo, halafu unakopa kwenye likelemba, kile chama chenu cha kuchangiana, ili upate tena ya kununulia. Torati ilidai zaka ya mazao ya shamba, haikudai shamba lenyewe.

Sura ambayo siisikii ikihubiriwa ni Kumbukumbu la Torati 14. Aliyekaa mbali aliruhusiwa kugeuza zaka yake kuwa fedha, asafiri nayo, na huko anunue ng'ombe, kondoo, hata divai na kileo, ale na nyumba yake mbele za Bwana. (Habari za kileo usimsomee baba mdogo.) Tena kila mwaka wa tatu zaka ilibaki mjini mwao, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Kwa hiyo nimeamua: nusu ya fungu langu inabaki kwenye kusanyiko la hapa linalonilisha neno, nusu itakuja Bukavu kwa ajili ya ile familia iliyotoka mji wa Minova inayolala sebuleni kwenu. Mchungaji akiuliza, mfungulie sura hiyo aisome mwenyewe.

Mshahara ukiingia nitatuma mara tatu, siku mbalimbali, zisichanganyike kwenye simu. Najua tangu mabenki yafunge milango mtu wa kabini, wakala wa pesa za simu, anakata chake kila unapotoa, nimeongeza cha kumlipa. Ya kwanza ni ya shule na dawa: nenda nayo moja kwa moja kwa mhasibu, kisha famasi, unipigie picha za risiti. Ya pili ni ya watu wa Minova, mkabidhi mama yao mkononi. Ya tatu ni yako, sitaiulizia.

Papa asiache vidonge siku za kufunga, hata akisema ana nguvu. Mama nitampigia Jumapili baada ya ibada.

Mdogo wako