Walimu, msichane kurasa za nyuma za daftari

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, hili jambo limenikaa rohoni wiki ya pili sasa.

Nakaa na mtoto wa marehemu dada yangu, yuko darasa la nne, alikuja kwetu Mwanza kutoka Kigoma mwaka jana baada ya msiba. Juzi kati nikaitwa shuleni kwao (shule siitaji), mwalimu kachana kurasa sita za nyuma za daftari la hesabu kaniwekea mezani, anasema huyu anachorachora tu hasomi. Kweli ukiziangalia harakaharaka ni mistari ya biro, imezungushwa weee mpaka karatasi imetoboka, ila nilivyozitandaza kitandani nyumbani nikaona kila ukurasa una mstari mmoja mrefu unashuka kutoka juu unaishia kwenye kiduara cheusi tii. Kurasa zote sita.

Niliwahi kusoma habari za Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, yeye alikuwa anachora mstari wowote bila kufikiria, mtoto anaugeuza kuwa kitu, afu mtoto naye anachora wake daktari anaumalizia, wanaenda hivyo hivyo huku wanapiga stori. Nikasema na mi nijaribu. Nikapasua mfuko wa kaki wa sukari, tukakaa chini jikoni na biro moja tunapokezana. Mstari wangu wa tatu akaufanya kamba, chini akaweka ndoo, akasema "mama mdogo, hiki kisima cha kwetu, mama alikuwa ananiitia hapa." Nikamuuliza alikuwa anakuitaje? Akataja jina la nyumbani ambalo mimi mwenyewe nilishalisahau, na tangu afike kwangu hakuna hata mmoja aliyewahi kumwita hivyo, tunatumia la shule tu. Yaani mtoto mwaka mzima anaishi bila jina lake na mdomo umeshindwa kusema, mkono ndo ukasema.

Na sio mambo ya watoto tu. Carl Jung, yule daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, mwaka 1918 na 1919 akiwa kwenye kazi ya jeshi alikuwa kila asubuhi anachora kiduara kwenye kijitabu chake, akagundua kinabadilika kulingana na hali ya nafsi yake siku hiyo. André Masson, mchoraji wa Ufaransa aliyeumizwa vibaya vitani 1917, kwenye miaka ya 1923 na 1924 akawa anaachia kalamu iende yenyewe bila kupanga picha, mpaka vipande vya miili vinaanza kujitokeza kwenye mistari. Watu wazima hao na walilichukulia siriasi.

Sisemi kila mchoro una siri. Na mzazi usianze kumtafsiria mtoto kama mtu anayepiga ramli, mwache aseme mwenyewe, akinyamaza na wewe nyamaza. Kama mtoto halali usingizi wala hali chakula, huyo mpeleke hospitali kwa wanaojua, karatasi peke yake haitoshi.

Ila walimu wetu nawaomba, anayechora kipindi kikiendelea mkanyeni, hiyo ni sawa kabisa, lakini zile kurasa msizichane, mwiteni mlezi azione zikiwa ndani ya daftari. Zile sita nimezirudishia na selotepu, na nimemnunulia kaunta buku isiyo ya somo lolote, juu yake kaandika lile jina.

Mama mdogo,
Mwanza