Barua kwa wajukuu zangu mnaosoma uchumi na masoko hapa Moshi

Wajukuu zangu,

Marahaba. Naanza na marahaba kwa sababu kila asubuhi mnanipa shikamoo mkipita getini kwangu, na mara nyingi mnakuwa mmeshafika barabarani kabla sijaitikia.

Mnajua nina vyumba vinne uani ambavyo wenzenu wanapanga. Mwezi uliopita mmoja wao alimaliza chuo akarudi kwao, nami nikaingia kupaka chumba rangi. Ukutani, juu ya kitanda, nilikuta karatasi kumi na mbili zimebandikwa. Kushoto neno la Kiingereza, kulia neno la Kiswahili, moja kwa moja. "Demand": mahitaji. "Rent": kodi ya nyumba. "Interest": riba. "Place": mahali. "Free": bure. Nilikaa kitandani nikazisoma zote huku rangi ikianza kuganda. Mwandiko safi, kazi ya usiku mwingi. Na moyo uliniuma, maana kijana yule aliwahi kuniambia kwamba alikwenda kwenye usaili wa kazi mara mbili, na mara zote mbili alikwama kwenye maneno aliyoyajua.

Nilikuwa karani wa mauzo ya kahawa kwa miaka 26, na Kiingereza changu chote nilikipata kwenye mikataba, kwenye hati za meli, na kwenye teleksi, yaani ujumbe wa maandishi uliokuja kwa waya. Kitu kimoja nilichojifunza huko ndicho kinachonifanya niandike. Neno gumu halina hatari kubwa. Ukikutana na "oligopoly" unajua hulijui, unafungua kamusi, yanaisha. Linalowaangusha watu ni neno dogo, la kawaida, ulilolijua tangu shule ya msingi, ambalo wachumi na wafanyabiashara wamelipa kazi nyingine bila kukuaga.

Mimi liliniangusha neno "pound". Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwaka wangu wa kwanza kazini. Teleksi ilileta bei ya New York ya kahawa aina ya arabika, senti kadhaa "per pound". Paundi niliyoijua mimi ilikuwa ya fedha, ile ambayo wazee wetu waliihesabu kwa shilingi 20. Sikuelewa inaingiaje hapo, nikaiacha. Na kwa kuwa sisi huku tulipima kila kitu kwa kilo, nikaandika bei ile kama bei ya kilo. Karatasi yangu ikasomwa mbele ya wakulima. Niliona nyuso za wazee walioteremka kutoka mlimani kwa miguu, wakiamini kahawa yao haina hata nusu ya thamani iliyokuwa nayo. "Pound" ile ilikuwa ratili, kipimo cha uzito. Kilo moja ni ratili 2.2. Tuseme New York inasema senti 200 za dola kwa ratili: hizo ni dola 2, na kwa kilo ni dola 4.41 hivi, na kwa gunia la kilo 50, kipimo kinachotumika kutaja bei kwenye mnada wetu wa hapa Moshi, ni karibu dola 220. Nililia siku ile, kisha nikaomba radhi kwenye mkutano uliofuata. Kiswahili kilikuwa na neno hilo muda wote, ratili, neno la dukani ambalo mama yangu alilitumia akinunua sukari, na mimi sikulikumbuka kwa sababu nilidhani Kiingereza kinaishi kwenye nyumba yake peke yake.

Ndiyo maana nawaambia msiache Kiswahili mlangoni mnapoingia darasani. Wengi wenu mlisoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, halafu kidato cha kwanza mkaambiwa kila kitu sasa ni Kiingereza. Hamkukosea ninyi, na mtu asiwafanye muone aibu. Lakini mkavuka mkiwa mmeuacha mzigo wenu ng'ambo, na katika mzigo ule kulikuwa na vitu vya thamani. Nitawaonyesha kimoja. Kila mwaka nasoma kazi za vijana walioandika "the company rised the price", au "the bank borrowed me money". Sasa tazameni lugha yenu. Bei inapanda, mfanyabiashara anapandisha. Mimi nakopa, benki inakopesha. Bei inashuka, duka linashusha. Kiambishi kidogo tu mwishoni, na mtoto wa miaka minne Pasua au Majengo hakosei. "Rise" ni kupanda, "raise" ni kupandisha. "Borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha. "Fall" ni kushuka, "lower" ni kushusha. Ukiwa na shaka mbele ya karatasi ya mtihani, sema sentensi kwa Kiswahili kimoyomoyo kwanza, usikilize kama kuna "-sha" au hakuna.

Lakini Kiswahili nacho kinaweza kukupoteza, na nisipolisema hilo nitakuwa nimewadanganya. Chukueni "demand". Mmefundishwa ni mahitaji, na vitabu vinaandika hivyo. Nyumbani tukisema mahitaji tunamaanisha unga, mafuta, sabuni. Kwa hiyo kijana anasikia "demand" akilini mwake linageuka kuwa "need", na hapo ameshapotea. Nendeni Kiboriloni asubuhi ya mwezi wa saba, baridi imeshuka kutoka mlimani, simameni mbele ya muuza makoti ya mitumba. Watu ishirini wanalitaka lile koti la sufu. Wote wana baridi, kwa hiyo wote wana "need". Wengi wamelipenda, hiyo ni "want". Walio na fedha mfukoni na wako tayari kuitoa kwa bei ile labda ni watatu. Hao watatu ndio "demand". Mwenye meza anaijua tofauti hii vizuri kuliko mwalimu yeyote, maana ndiyo inayomlisha.

Kisha kuna jambo ambalo watahini wanalipenda sana. Parachichi zikishuka bei, watu wakanunua nyingi zaidi, usiseme "demand" imeongezeka. Kilichoongezeka ni "quantity demanded", kiasi kinachonunuliwa kwa bei ile mpya. "Demand" yenyewe inasogea pale kitu kingine nje ya bei kinapobadilika. Na hapa kwetu mna mfano ambao hakuna kitabu cha Uingereza kitawapa: Desemba. Wachaga wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kila kona, magari yanajaa hadi migombani, na mbuzi anapanda bei huku wanaonunua mbuzi wakizidi kuwa wengi. Bei juu, manunuzi juu. Hapo ndipo "demand" imeongezeka kweli. Ukiandika mfano huo kwenye mtihani wako, mtahini atajua umeelewa, hukukariri.

Neno "elastic" nalo mnalichukulia kama mpira wa nguo tu. Ni sawa kwa kuanzia, ila lina hesabu ndani yake: asilimia ya mabadiliko ya kiasi, ukigawanya kwa asilimia ya mabadiliko ya bei. Mama wa nyanya Mbuyuni akiuza fungu kwa shilingi 1,000 anauza mafungu 100. Akipandisha hadi 1,100, yaani asilimia 10, wateja wanahamia meza ya jirani, anauza 80. Kiasi kimeshuka asilimia 20. Ishirini kwa kumi ni mbili, "elastic", na mapato yake yametoka 100,000 hadi 88,000. Muuza chumvi akipandisha bei, watu watanung'unika na kununua vilevile. "Inelastic". Hesabu hii iko vichwani mwa wale akina mama, hawajapewa jina lake tu.

Nisiwachoshe na yote. "Utility" darasani ni kuridhika anakokupata mtu kutokana na kitu, ofisini ni bili ya maji na umeme. "Investment" kwa mchumi anayehesabu pato la taifa ni kujenga kipya, kununua mashine, kuongeza mali ghalani. Kununua kiwanja kilichokuwapo ni umiliki kubadilika mikono tu, hata kama mjomba anaita uwekezaji. "Turnover" kwa mhasibu wa Uingereza ni mauzo yote, na kwa ofisa utumishi ni wafanyakazi wanaoacha kazi na kuajiriwa wengine.

Kwa ninyi wa masoko, "place" iliyoandikwa "mahali" kwenye karatasi ile ya ukutani iliniuma kuliko yote. Zile P nne alizozipanga Mmarekani E. Jerome McCarthy mwaka 1960, "product, price, place, promotion", zinasomwa kila chuo. "Place" humo ni njia yote bidhaa inayopita hadi imfikie mtu: mkulima, gari, ghala, jumla, rejareja, bodaboda. Kijana anayeandika "place is Moshi" amejibu swali la jiografia. Vilevile "customer" na "consumer" si mtu mmoja daima. Mama anayenunua uji wa mtoto ni "customer", mtoto ndiye "consumer", na tangazo lako lazima liamue linazungumza na nani. Na "brand" ni neno lililotokana na moto. Walianza kwa kuchoma alama kwenye mali na mifugo. Sisi tunasema chapa, na ng'ombe hupigwa chapa ya moto huku kwetu pia. Neno letu na lao yamepita njia ileile, jambo ambalo hunifurahisha kila nikilifikiria.

Sasa "free". Kwenye kazi ya kikundi kimoja nilisoma kwamba kahawa ikiuzwa "free on board" inasafirishwa bure. Wanangu, hakuna lori linalotoka Moshi kwenda Tanga bure. "Free" hapo ni huru, si bure: muuzaji amejivua gharama na hatari baada ya mzigo kupakiwa melini, na kuanzia hapo ni juu ya mnunuzi. Lori, ushuru wa bandari, upakiaji, vyote viko ndani ya bei ya muuzaji. Masharti haya yameandikwa na Chama cha Kimataifa cha Biashara tangu mwaka 1936 na yanahuishwa kila baada ya muda. Mtu akisaini mkataba akidhani "free" ni bure, atauza kwa bei ambayo haikulipia hata lori.

Na vihusishi vidogo, "by" na "to", navyo vinabeba fedha. Riba ikitoka asilimia 15 hadi 18, imepanda "to 18 percent". Imepanda "by 3 percentage points". Ukiandika "by 3 percent" umesema imefika 15.45, na umeidanganya benki nzima. "Mark-up" na "margin" ni hivyohivyo. Koti umenunua 8,000, umeuza 10,000, faida 2,000. Ukigawa kwa gharama ni asilimia 25, hiyo "mark-up". Ukigawa kwa bei ya kuuzia ni asilimia 20, hiyo "margin". Bosi akitaka "margin" ya asilimia 25, lile koti lazima liuzwe 10,667 hivi. Tofauti ya mia sita na kitu kwa koti moja. Zidisheni kwa kontena.

Jingine ambalo hata watu wazima redioni hulikosea: mfumuko wa bei, yaani kasi ya bei kupanda, ukishuka kutoka asilimia 5 hadi 3, bei hazijashuka. Zinaendelea kupanda, ila polepole zaidi. Hiyo ni "disinflation". Bei kushuka zenyewe ni "deflation". Mkisikia mtu kijiweni anasema serikali imedanganya kwa sababu sukari haijapungua bei, msimcheke, kaeni mmweleze. Nyinyi ndio mliosomeshwa.

Matamshi sina mengi. "Debt" haina "b" mdomoni, "receipt" haina "p".

Mji huu umeuza kahawa yake nje kwa muda mrefu. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, iliandikishwa mwaka 1933, na chuo cha ushirika kikafunguliwa hapahapa mwaka 1963. Baba yangu aliishia darasa la nne. Hakujua Kiingereza, na maisha yake yote alitegemea karani asome kwa niaba yake kile ambacho dunia imesema kuhusu jasho lake. Siku moja karani huyo alikuwa mimi, na nilimsomea vibaya. Ninyi mtakuwa makarani, mameneja na maofisa wa watu kama yeye, walio bado Rombo, Machame na Kibosho. Ndiyo maana nalishikilia jambo hili.

Karatasi za ukutani nimezibandua taratibu, sikuzitupa. Nimezigeuza, upande wa nyuma ni mweupe. Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa barazani. Kila mmoja aje na risiti moja ya dukani au ya sokoni, na maneno mawili ya Kiingereza ambayo hawezi kuyatofautisha. Tutayaandika kwa kuyaweka ndani ya ile risiti: nani kanunua, nani kauza, kwa kiasi gani, na neno lipi linaingia wapi. Chai itakuwepo, na ndizi za kuchoma.

Bibi yenu,
Moshi