Mfuko mbadala tunauchoma moto nyuma ya vibanda vya mafundi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu mifuko ya kubebea vitu.

Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, Juni 1, 2019 (wenzetu wa Zanzibar walitutangulia kwa miaka mingi), sokoni tunapewa ule mfuko mwepesi wa rangirangi ambao wote tunauita mbadala. Mbadala wa nini? Kata kipande chake ukisogeze kwenye kiberiti. Kinajikunja, kinayeyuka, kinadondosha matone. Ni polipropilini, plastiki ileile inayofumiwa salfeti za mahindi, ila hii imegandamizwa kwa joto bila kufumwa. Shirika la Viwango (TBS) wanataka uwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, na wenye uzito huo kweli unadumu. Lakini ninaouziwa mimi hapa Uyole, Mbeya, nikiuinua naona mwanga upande wa pili. Ukitia sado mbili za viazi mviringo, mshikio unang'oka kabla hujafika kwenye bajaji, na viazi vinabingirika mpaka barabara ya Tukuyu.

Sasa pita jioni nyuma ya safu ya mafundi cherehani pale Mwanjelwa. Vipande vya vitenge, bitana za makoti, mabaki ya sare za shule na vitambaa vya suti vinafagiliwa pamoja, vinachomwa. Niliwahi kumwomba fundi mmoja anigawie. Akacheka, "Mama, takataka hizi unazipeleka wapi?" Nikamwambia naenda kushona mfuko. Akanijazia kiroba kizima, akanipa na pole juu yake.

Pole ya nini, sikumuuliza. Mfuko ninaoubeba sasa umetoka humo kirobani. Hauna kiwanda nyuma yake, ni cherehani ya kukanyaga na mikasi mikali tu. Naomba wasomaji wanifuate kidogo, maana wengi wanaposikia viraka wanadhani ni kuunga-unga tu.

Kwanza, loweka vipande vyote kabla ya kukata. Kitenge kipya kinachuja, na pamba inarudi ikifuliwa. Poliesta hairudi, ukizichanganya bila kuloweka, mfuko utajikunyata mara ya kwanza kufuliwa. Siku hizi kujua kipi ni pamba kwa macho ni kazi, kwa hiyo choma uzi mmoja: wa pamba unaacha majivu laini, wa poliesta unaacha kidonge kigumu. Kisha kata miraba ya inchi 5 kwa 5. Mshono uwe robo inchi, si nusu inchi tuliyozoea kwenye magauni, maana penye makutano ya miraba minne mshono mpana unatengeneza donge ambalo sindano inaligomea. Miraba 4 kwa 4 inakupa upande mmoja wa karibu inchi 18. Mishono ya mstari wa kwanza ipigie pasi ilale kulia, ya mstari wa pili ilale kushoto. Mistari ikikutana, mshono mmoja unakaa pembeni ya mwenzake, haupandi juu yake. Ni jambo la dakika chache, lakini hapo ndipo unapomjua mtu mwenye mkono.

Katikati, kati ya vipande na bitana, ndipo penye nguvu ya mfuko. Watu wananiambia hawana pamba ya kujazia. Sisi wa nyanda za juu, Mbeya, Makambako, Njombe, tunakosaje? Kila nyumba ina shuka la flaneli lililochakaa, au koti la mtumba lililokufa zipu. Chukua ile bitana laini ya ndani ya koti, ndiyo nzuri kuliko zote. Blanketi zito usiliguse, litakuvunjia sindano. Sweta nalo linavutika, litakupindia kazi. Tandika bitana ya mfuko chini, flaneli au hiyo ya koti katikati, vipande juu, upige bandi, yaani mshono wa muda, kwa mkono kwa uzi mrefu. Cherehani iwekee sindano namba 16, refusha hatua ya mshono, na ulegeze kidogo ile skrubu ya juu inayokandamiza mguu. Usipoilegeza, mguu utasukuma kitambaa cha juu mbele huku cha chini kikivutwa nyuma na meno, na utapata vifinyo ambavyo hakuna pasi itakayovitoa. Anzia katikati kwenda nje, kamwe usianzie pembeni.

Ubavu na kitako nisiwachoshe, fundi yeyote atakuonyesha namna ya kukunja pembe za chini na kushona kukatisha ili mfuko ukae wima. Mishikio nakata kwenye miguu ya jinzi kuukuu. Vipimo vingi nilivyoviona vinatoa mshikio wa inchi 22, labda kwa watu wa Dar wanaovaa blauzi. Mwezi wa saba hapa mtu anavaa sweta na koti juu, kwapa limejaa. Kata inchi 26. Ushone kila ncha kwa mraba wenye msalaba ndani, mguu wa mshikio ushuke mfukoni inchi 2. Hapo weka viazi utakavyo.

Najua ndugu zangu wa Iringa watasema wana vikapu vya nyasi za milulu, na ni kweli, vizuri sana, ninacho kimoja cha kuwekea mayai. Lakini kikapu hakikunjwi ukatia kwenye pochi asubuhi ukienda kazini.

Lililonisukuma kuandika ni semina ya ujasiriamali niliyohudhuria. Mwezeshaji alipouona mfuko wangu hakuuliza umeshonwaje. Aliuliza, kwa siku natoa mingapi, na kikundi changu kimesajiliwa? Akaanza kunieleza mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo sina ugomvi nayo, imewasaidia wengi. Ugomvi wangu ni kwamba siku hizi mama hawezi kushika sindano bila kuambiwa afungue akaunti ya kikundi. Mfuko huu unakula jioni kadhaa za mtu. Ukiupeleka sokoni, mnunuzi ataupanga bei na ule wa mia tano, na wewe utakopa kununua kitenge kipya ukikate vipande vidogo ili kifanane na mabaki! Hesabu hiyo haisimami. Kwa matumizi ya nyumbani inasimama vizuri: kitambaa bure, flaneli bure, unachonunua ni uzi. Si kila anayemsuka bintiye ana saluni.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wenu wa familia utoe nafasi kwa kazi za namna hii kwa vipimo kamili, bila kuzigeuza "fursa". Walimu wa stadi za kazi nao watapata cha kuwapa watoto, badala ya kuwatuma wakanunue manila.

Na nyie mafundi wa Mwanjelwa, kabla hamjawasha kiberiti, tengeni vya pamba kwenye salfeti moja na vya suti kwenye nyingine. Jumamosi nitapita, na pole zenu safari hii sizitaki.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya