Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu: bastola isiingie chumba cha marubani

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA),
Dar es Salaam.

YAH: MARUBANI KUPEWA BASTOLA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kila ndege inapotekwa, au abiria anapofanya vurugu angani popote pale duniani, kuna hoja moja haikawii kurudi: rubani apewe bastola. Naisikia kwa abiria, naisikia kwa vijana wa ulinzi uwanjani, na nimeisikia hata kwa marubani wenyewe, tena watu ninaowaheshimu. Mimi ni mhudumu wa ndege mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya hatua mbili kutoka mlango wa marubani, kwenye lile jiko dogo la mbele, kwa hiyo mlango huo naujua. Nakuandikia nikuombe hoja hii ikifika mezani kwako uikatae, na nikueleze ni wapi pengo lilipo kweli.

Wenye hoja hii hutoa mfano wa Marekani, na mfano wenyewe ni wa kweli. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, chama kikubwa cha marubani wa huko, ALPA, kilidai silaha. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema, kama serikali iko tayari kutuma ndege ya kivita kuitungua ndege yangu ikiwa na abiria wangu ndani, kwa nini nisipewe kwanza bastola niitetee? Mkuu wa shirika la usalama wa usafiri la huko, TSA, John Magaw, aliwakatalia mwezi Mei 2002. Bunge likampita. Novemba mwaka huohuo sheria ikasainiwa, na Aprili 2003 kundi la kwanza la marubani 44 likamaliza mafunzo. Wanajitolea, wanapimwa, wanaapishwa kama maofisa wa shirikisho, na mamlaka yao ya kutumia silaha yanaishia kwenye kizingiti cha chumba cha marubani. Yanayotokea huku nyuma kwa abiria hayawahusu.

Sasa tazama yaliyotokea Machi 22, 2008. Ndege ya US Airways kutoka Denver ilikuwa inakaribia kutua Charlotte. Kapteni alikuwa anaihifadhi bastola yake kabla ya kutua, risasi ikafyatuka, ikatoboa ubavu wa ndege upande wa kushoto chini ya dirisha. Hakuna aliyeumia, na ndege ilitua salama. Kilichonifikirisha ni chanzo chake. Utaratibu ulimtaka rubani aifunge bastola kwa kufuli dogo linalopita kwenye ala, jirani na kifyatulio. Bastola isipozama vizuri ndani ya ala, kufuli linaweza kukaa mbele ya kifyatulio, na ukiisukuma tu inalia. Yaani mtu aliyefunzwa, mwenye akili timamu, ndege haina adui hata mmoja, na bado silaha imefyatuka kwa sababu ya ule mtindo wa kuivua na kuivaa kila safari.

Niseme kwa haki kwamba sitatumia ile hoja ya sinema, kwamba tundu moja la risasi linaipasua ndege na kuwavuta abiria wote nje. Si kweli, na ndege ya Charlotte ni shahidi. Anayeipinga bastola kwa hoja hiyo anawapa wanaoitaka ushindi wa bure.

Hoja yangu iko kwenye mlango. Tangu Novemba 2003, kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka ndege kubwa za abiria, na zile zinazobeba zaidi ya abiria 60, ziwe na mlango wa marubani ulioimarishwa, unaohimili risasi na unaofungwa kutoka ndani. Bombardier Q400 zetu za safari za Mwanza na Bukoba zimo, ndege kubwa za masafa marefu zimo. Mlango huo ukiwa umefungwa, mtu aliye nje hana la kufanya, na rubani hana wa kumpiga risasi. Bastola inaanza kuwa na kazi mlango ukishashindwa. Na mlango haushindwi kwa kuvunjwa. Unashindwa kwa kufunguliwa, na wanaoufungua ni sisi.

Rubani ni binadamu. Safari ya Dar es Salaam hadi Guangzhou, au hata Mumbai, lazima aende msalani, lazima ale. Anapiga simu jikoni: nataka kutoka. Mhudumu anavuta pazia, anachungulia njia, anasukuma toroli la chakula na kulikingamiza. Pedali nyekundu ukiikanyaga, breki inashika. Ya kijani ukiigusa, toroli linaachia, na kila aliyewahi kukaa viti vya mbele ameona pedali hizo ziko wapi. Basi ulinzi wetu kwa dakika hiyo ni toroli lenye juisi na vikombe, na dada mmoja wa kilo hamsini na kitu aliyesimama nyuma yake akitabasamu. Tena ndipo mzee wa kiti cha mbele anapoamka, naye anataka choo hichohicho. Unamwambia, "Samahani baba, subiri kidogo," anakujibu kwamba amelipa nauli. Mlango unafunguliwa, kapteni anatoka, mhudumu mwingine anaingia kukaa na rubani msaidizi, mlango unafungwa. Baada ya dakika chache zoezi lote linarudiwa.

Mwekee kapteni huyo bastola kiunoni. Anatoka nayo kwenda chooni, mahali ambapo hata kugeuka ni shida? Au anaiacha ndani na mwenzake? Hapo Wamarekani walihangaika kwelikweli, ndiyo maana yakaja makufuli na visanduku.

Wenzetu hao wameanza kuligeukia pengo lenyewe. Mjane wa Victor Saracini, kapteni wa ndege ya pili kugonga majengo ya New York, alipigania kwa miaka mingi kizuizi cha pili: geti jepesi la kukunja linalofungwa kabla mlango wa marubani haujafunguliwa. Halimzuii mtu moja kwa moja. Linamchelewesha sekunde chache tu, za kutosha mlango kurudishwa. Bunge lao liliagiza mwaka 2018 kwamba ndege mpya za abiria ziwe nalo, na kanuni ikatoka 2023. Hicho ndicho cha kuiga.

Tukiacha ya Marekani, ukanda wetu una mifano yake. Februari 1982 ndege ya Air Tanzania iliyotoka Mwanza kuja Dar es Salaam ilitekwa, ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, hadi Stansted nchini Uingereza, watekaji wakimtaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ilimalizwa kwa mazungumzo. Desemba 29, 2000, ndege ya British Airways kutoka London kuja Nairobi ikiwa na karibu watu 400 iliingiliwa na abiria mgonjwa wa akili. Alipita mlangoni bila kuzuiwa, akavamia usukani, ndege ikaporomoka maelfu ya futi kabla kapteni na abiria hawajamng'oa. Hebu waza bastola katikati ya mieleka ile, kwenye chumba ambacho watu watatu wakisimama hawapishani, na kichwa cha aliyeshika usukani kiko mbele ya mtutu.

Tukio gumu kwangu ni la Novemba 23, 1996. Ndege ya Ethiopian iliyokuwa inatoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa na vijana watatu. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa na shoka la humohumo ndani ya ndege na chupa waliyodai ni bomu, wakataka wapelekwe Australia. Kapteni Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, hawakuamini, kwa sababu jarida la ndege lilisema inaweza kuruka saa 11. Mafuta yaliisha, akaitua majini jirani na ufukwe wa Ngazija. Kati ya watu 175, walikufa 125. Wengi walikuwa wamejaza hewa majaketi ya kujiokolea wakiwa bado ndani, maji yalipoingia majaketi yakawainua hadi darini wakashindwa kutoka. Kwa sababu hiyo, mhudumu anaposema "usijaze ukiwa ndani", tafadhali msikilizeni. Je, bastola ingemsaidia Leul? Huenda. Hapo sibishi. Lakini mlango wa leo ungemsaidia zaidi, kwa kuwa vijana wale wangeishia kupiga shoka kwenye chuma.

Halafu lipo lile ambalo wenye hoja ya bastola hawaligusi. Novemba 29, 2013, ndege ya LAM ya Msumbiji ilitoka Maputo kwenda Luanda. Rubani msaidizi alikwenda chooni, kapteni akajifungia, akaishusha kwa makusudi hadi ikaanguka mbuga ya Bwabwata, Namibia. Watu 33 wakafa. Miezi kumi na sita baadaye ndege ya Germanwings ya Ujerumani ikafanywa vilevile katika milima ya Ufaransa, watu 150. Mlango uliojengwa kumzuia adui wa nje ulimlinda adui wa ndani, huku mwenzake akigonga. Ukimpa silaha kila aliye ndani, umempa na huyu. Shirika linalotaka kujua hali ya rubani wake litamjuaje, ikiwa rubani akisema tu kwamba halali usiku anaogopa leseni yake itasimamishwa? Wananyamaza, nami nimewaona wakinyamaza. Hilo liko ndani ya uwezo wako kuliko bastola: njia ya rubani kumwona daktari au kuongea na rubani mwenzake aliyefunzwa, bila kesho yake kujikuta hana kazi.

Kuna pia mambo ya kawaida ambayo kwenye mijadala hayasemwi. Rubani wa Tanzania akitua Mumbai na bastola, anaikabidhi kwa nani? Akilala hotelini Mwanza, inalala wapi anapokwenda kula sato ufukweni? Wamarekani waliwapa marubani wa mashirika yao, tena kwa safari za ndani hasa. Sisi nusu ya heshima ya anga letu iko kwenye safari za nje.

Nusu nyingine iko kwenye ndege ndogo. Panda Cessna Caravan kwenda Zanzibar, Mafia au Serengeti. Hakuna mlango, hakuna hata pazia, na rubani mara nyingi yuko peke yake. Kiti cha kulia kwake kinapewa abiria, kwa kawaida yule mtalii aliyewahi kuomba, mwenye kamera, magoti yake yakigusa usukani wa pili. Bastola ya rubani hapo ingekuwa karibu na mkono wa abiria kuliko wa rubani.

Kwa hiyo naomba hivi. Shirika lolote la nchi hii likiagiza ndege mpya ya abiria, geti la pili liwe sharti, maana kulifunga kiwandani ni rahisi kuliko kuja kulichomeka baadaye. Kanuni ya watu wawili ndani ya chumba cha marubani ikaguliwe na wakaguzi wako wakiwa angani, wasiridhike na kusoma kitabu cha taratibu ofisini. Wahudumu wafundishwe zoezi la mlango kwa vitendo, ndani ya ndege iliyojaa watu. Na kwa Caravan, tupate mwongozo ulioandikwa: nani anaruhusiwa kukaa kiti cha mbele, anaelezwa nini kabla ya kuruka, na rubani ana haki gani ya kukataa bila kugombezwa na meneja kwa kumuudhi mteja. Ningependa mwongozo huo uwe umetoka kabla ya Juni, watalii wanapoanza kujaa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhudumu wa ndege mstaafu,
Dar es Salaam