Yashica ya mzee au ya kwenye tangazo?

Rashidi ndugu yangu,

Salamu sana, na hongera kwa harusi ya dada. Umeniuliza kama ununue kamera ya Yashica ile mpya iliyotangazwa kwenye simu yako, au hiyo kuukuu anayoiuza mzee mwenye studio. Chukua ya mzee. Lakini nakujua, jibu fupi halikutoshi, basi tulia nikusimulie.

Yashica ilianzia mkoani Nagano, Japani, Desemba 1949. Mwanzilishi wake, Yoshimasa Ushiyama, alikuwa na wafanyakazi 8, na kazi yao ilikuwa vipuri vya saa. Kamera yao ya kwanza, Pigeonflex, ilitoka 1953: ile aina ya lenzi mbili, moja juu ya nyingine, unayoishika usawa wa tumbo na kuichungulia kwa juu. Wajerumani walikuwa na Rolleiflex, nzuri ajabu na ghali ajabu. Yashica wakafuata umbo lile lile kwa bei ya mtu wa kipato cha kawaida. Kuiga? Ndiyo, lakini waliiga kifundi, na Yashica-Mat ya 1957 bado ina watu wanaoitumia. Mwaka 1958 wakainunua kampuni ya Nicca, waliokuwa wakitengeneza kamera za mtindo wa Leica, kamera maarufu ya Kijerumani, na maarifa yakaongezeka.

Sasa hiyo ya mzee. Kwa maelezo yako ni Electro 35, ukoo ulioanza 1966. Wewe unachagua tundu la lenzi tu, yaani upana wa njia ya kupitisha mwanga. Saketi ndani yake inapima mwanga na kuamua shata, lile pazia linaloachia mwanga ufike kwenye filamu, ifunguke kwa muda gani, kuanzia 1/500 ya sekunde hadi sekunde 30 nzima. Huna hata pa kuichagulia kasi. Taa nyekundu ikiwaka, mwanga umezidi. Ya njano ikiwaka, shata itakwenda polepole, tafuta pa kuegemeza mkono. Lenzi yake, milimita 45 yenye tundu la f/1.7, yaani pana sana, inapiga ndani ya nyumba jioni bila flashi. Ziliuzwa kwa mamilioni, na sishangai. Kwangu mimi hapo ndipo Yashica walipoacha kumfuata mtu.

Miaka ya 1970 wakaungana na Zeiss, watengenezaji wa lenzi wa Ujerumani, kuifufua Contax, jina la zamani la kamera, wakatoa Contax RTS, umbo lake likibuniwa na studio ya Porsche. Fahari kubwa, ila fedha zilikuwa zimeanza kuwapiga chenga. Mwaka 1983 Kyocera, kampuni iliyokulia kwenye kauri za viwandani, ikaimeza Yashica. Kisha zikaja kamera za dijitali, na 2005 Kyocera wakatangaza kwamba wanaachana na kamera. Haki za jina zikauzwa kwa kampuni ya Hong Kong. Nagano haina lake tena humo.

Ndiyo maana tangazo hilo halinitikisi. Mwaka 2017 jina hilo lilitumika kuchangisha fedha mtandaoni kwa ajili ya kamera iitwayo Y35, na watu wakatoa zaidi ya dola milioni moja za Marekani. Ilikuwa na umbo la Electro na mkono wa kuvutia filamu, lakini ndani hamna filamu: unatumbukiza kikasha cha plastiki kinachoiambia kamera picha iwe nyeusi na nyeupe au ya rangi. Simu yako inafanya hivyo bure. Walioipokea walilalamika sana, na mimi siwalaumu.

Kabla ya kumlipa mzee, vuta mkono wa filamu taratibu na utege sikio. Lazima usikie "tak" ndani. Usipousikia, kuna kipande cha mpira ndani kilichooza kwa uzee, na picha zitatoka na mwanga usio sahihi. Kinabadilishwa, lakini fundi atakudai, kwa hiyo shusha bei. Fungua na kifuniko cha betri uangalie kama kuna kutu ya kijani. Betri ya asili ilikuwa ya zebaki, volti 5.6, haitengenezwi tena. Weka ya volti 6, nafasi inayobaki ijaze kwa springi, saketi haitalalamika. Bila betri usiijaribu kabisa, maana shata itafyatuka kwa 1/500 kila mara na utadhani kamera ni nzima.

Akikubali kupunguza, nunua leo leo. Filamu nitakutumia mimi, ninazo mbili kwenye friji.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Hamisi